Tundu Dogo, Tundu Kubwa

Mzungu wa picha alipofika Bujonde, nilikuwa mke mpya, bado nakimbilia migombani kila nikisikia kikohozi cha baba mkwe. Kwetu mkamwana hamtazami baba wa mumewe. Akimtazama usoni, anarudishwa kwao kwa aibu, nami nilimpenda mume wangu.

Mzungu alitaka kunipiga picha nikisuka mkeka uani. Nyuma kabisa, mlangoni pa nyumba ya ng'ombe, alisimama baba mkwe. Nilimpa mgongo, nguo kichwani, lakini lile sanduku la miguu mitatu sikuliamini hata kidogo. Lingetuweka pamoja katika picha moja?

"Mzee atakuwa ukungu tu," mzungu alisema. Akanionyesha vibati viwili vya shaba, kila kimoja na tundu lake. Tundu kubwa huingiza mwanga mwingi: anahesabu mbili basi, na aliye karibu tu ndiye anayeonekana vizuri. Tundu dogo huingiza mwanga haba: anahesabu mpaka kumi, na vya mbali navyo vinaonekana.

Maneno matamu! "Nitaangalia mwenyewe," nikasema.

Wifi yangu akakaa mkekani badala yangu, nami nikaingia chini ya kitambaa cheusi. Kwenye kioo cha sanduku wifi alikuwa kichwa chini, miguu juu, na nyuma yake ukungu mtupu. Sikuridhika.

"Na lile dogo?"

Akabadilisha kibati. Kioo kikaingia giza. Macho yalipozoea, ukungu ulikuwa umekwisha: nyumba ya ng'ombe, mlango, na uso wa baba mkwe, ndevu nyeupe, akitabasamu kama mtu aliye kwake.

Nikajitoa haraka chini ya kitambaa.

"Umeona nini?" wifi akauliza.

"Migomba."

Nikakaa mkekani, nikashikilia litumike tundu kubwa. Mzungu akahesabu polepole, mpaka kumi. Nikajua amenidanganya, nikatetemeka kwa hasira.

Picha ililetwa baada ya mavuno ya mpunga. Uso wangu ulikuwa umevurugika kwa kutikisika. Vingine vyote vilikuwa wazi. Kule nyuma baba mkwe alisimama wima, ameinua nguo yake akajifunika uso mzima. Alipoona nimekaa mimi, si binti yake, alijificha, akavumilia hesabu yote ile bila kutikisika.

"Tazama baba alivyokustahi," wifi akasema. "Nimpelekee ndaga yako?"

Shukrani gani? Nilimshuku mzungu, nikalishuku sanduku, na aliyechungulia nilikuwa mimi.