Siku Nilienda Kujichukua Hospitali Parklands

Mimi nimezaliwa mara mbili. Ile ya kwanza sikumbuki, nilisikia tu ilikuwa huko Ukambani na mvua ilikuwa imekataa kunyesha. Lakini hii ya pili! Hii naikumbuka yote. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Kabiria nachagua maharagwe, simu ikalia, na mke wa kijana yangu akaniambia kutoka hospitali Parklands, "Mum, umezaliwa!"

Woi! Nilirusha sinia. Hayo maharagwe mpaka leo nikifagia nayapata chini ya kabati.

Wewe ambaye hujui, ngoja nikuambie. Kwetu msichana wa kwanza anabeba jina ya mama ya baba yake. Sasa akikuja, yule mwenye jina ndiye amezaliwa. Husemi mjukuu amezaliwa, unasema nimezaliwa, na watu wanakuuliza, "Uko na kilo ngapi?" na wewe unajibu bila aibu. Na mimi niko na kijana mmoja tu. Nilikuwa nimekaa kanisani miaka nikiona wamama wenzangu wakizaliwa, wengine wamezaliwa hata mara nne, wanatoa sadaka ya shukrani wakiringa, na mimi bado. Sasa nimezaliwa kilo tatu na kitu, na nywele mpaka kwa masikio!

Halafu kuna hii kitu ya nyumba yetu. Mama yangu ndiye aliianza. Alisema mwenye jina ndiye anatoa mtoto kwa mlango ya hospitali, na mkono yake mwenyewe. Ndiye anamuonyesha dunia. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka, hakuna kingine. Baba ya mtoto alikuwa kazini huko Garissa, hakupewa ruhusa, kwa hivyo kazi yote ilibaki kwangu. Nikasema, asante Mungu.

Lakini mama ya mke wa kijana yangu anakaa Kinoo, na yeye ni mtu wa haraka. Kesho yake asubuhi, siku ya kuwatoa, akanipigia.

"Dada, usijisumbue na hiyo gari yako ya kukohoa. Nitachukua teksi, niwatoe, niwalete mpaka kwako."

"Ai! Unitoe mimi? Nitolewe na mtu na niko na leseni?"

"Basi kimbia," akasema, akicheka. "Mimi natoka saa hii."

Hiyo gari aliniachia mzee wangu alipoenda kwa Mungu. Watu waliniambia niuze. Nikasema siuzi, nikajiandikisha shule ya kuendesha pamoja na watoto wa kumaliza sekondari, mimi na kitambaa yangu kwa kichwa. Kusoma sijui sana, nilitoka shule bado mdogo, lakini alama za barabara ni picha, na picha nani haoni? Nilipita. Mwalimu alisema mimi naogopa kidogo kuliko inavyotakiwa.

Basi nikapakia. Termosi moja ya uji ya wimbi ya mama mzazi, termosi ingine ya maji moto, maana hospitali ukiomba maji moto unaambiwa ngoja. Blanketi, kofia, shuka. Nikawasha gari, ikaamka polepole, *yuu, yuu, yuu*, kama mtu wa Jumatatu. Ilikuwa imeanza hiyo tabia wiki hiyo, na mimi nikaona ni baridi. Usifanye kama mimi. Gari ikianza kuamka hivyo, inakuambia kitu.

Nikapita Kawangware vizuri, naimba. Nikafika karibu na Kangemi, nikasikia gari inavuta upande wa kushoto. Nikajua ni tairi, imekosa upepo. Nikasema siwezi kujibeba kwa tairi laini, nikaingia kituo ya petroli hapo kando ya Waiyaki Way, nikazima, nikajaza upepo. Kazi ya dakika. Nikarudi kwa kiti, nikageuza funguo.

*Tik.*

Nikageuza tena. *Tik tik tik tik.* Taa za dashibodi zinafifia kama mshumaa. Nikajua hiyo si petroli, hiyo ni betri. Gari yenye haina petroli inazunguka na haishiki. Yenye haina betri inasema tu tik. Vijana wawili wa kuosha magari wakakuja mbio.

"Shosho, tusukume?"

"Msukume nini? Hii ni otomatiki. Hata mkisukuma mpaka Westlands haitawaka."

Hapo sasa nikaanza kutokwa na jasho. Ile barabara ndiyo hiyo hiyo ya kutoka Kinoo. Kila teksi ikipita naona kama ni yeye, anapita akinipungia mkono, anaenda kunitoa.

Ndiyo akasimama mwanamume mmoja wa makamo, amevaa kanzu na kofia, gari yake nyeupe safi. Mtu wa Pwani, ukimsikia akiongea unajua, Kiswahili kimepigwa pasi. Baadaye aliniambia ana duka ya vitambaa huko taoni na nyumbani ni Parklands.

"Shikamoo, mama. Gari limekukatalia?"

"Imenikatalia, baba, na siku mbaya! Nimezaliwa jana, niko hospitali, naenda kujitoa!"

Akaniangalia hivi.

"Samahani, mama. Nani amezaliwa?"

"Mimi!"

"Na uko wapi sasa hivi?"

"Si nimekuambia, Parklands! Nimelala tu, hata macho sijafungua vizuri."

Akainama kwa dirisha na sauti ya upole sana, ile ya kuongea na mgonjwa. "Mama yangu, leo umekula chochote?"

"Nimekunywa chai."

"Vizuri. Hebu njoo ukae hapa kivulini kidogo." Na kabla sijajua, ameingiza mkono, amechomoa funguo, ametia kwa mfuko ya kanzu! "Ufunguo nitakuwekea mimi. Una watoto, mama? Nipe namba ya mmoja wao aje akuchukue."

"Anichukue aende na mimi wapi? Ni mimi naenda kujichukua! Baba, lete funguo!"

"Nitakupa, inshallah, wakifika wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Wenyewe wako."

Nilipiga makofi kwa mapaja! Msichana wa kuweka petroli akasikia kelele, akaacha pampu akakuja. "Shosho, kwani ni nini?"

"Nimezaliwa!"

"Aki wewe!" Akanirukia akanikumbatia hapo hapo. "Lini? Uko na kilo ngapi?"

"Jana! Tatu na kitu!"

"Umetoka mnono, shosho! Na umefanana na nani?"

"Wanasema pua ni ya mzee wangu."

Yule baba wa watu akarudi nyuma hatua, akashika kichwa. "Subhanallah," akasema. "Na wewe pia, binti?"

Msichana akacheka mpaka akaegemea gari. Nikamwambia mzee wa kanzu, sikiza, mimi sitagombana na wewe, uliza kwa simu. Nikampigia mke wa kijana yangu, nikaweka sauti kubwa, nikampa.

"Hujambo, binti. Niko hapa kituo cha petroli Kangemi na mama mmoja mtu mzima. Anasema amezaliwa jana."

"Ndio," akajibiwa. "Amezaliwa."

Akaangalia simu kama imemuuma. "Na… yuko wapi?"

"Niko naye hapa kwa mikono, analia njaa. Tafadhali mwambie aharakishe aje ajichukue, mama yangu amenipigia, anakaribia Westlands."

Na kweli kitoto kikalia hapo kwa simu, *nga! nga!* Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yangu. Nikaanza kucheka na machozi yanatoka.

Ndiyo akili yake ikaja. Akanigeukia polepole. "Kumbe mtoto ana jina lako?"

"Si ndiyo nimekuwa nikikuambia!"

"Wallahi, mama, hilo hukuniambia. Umeniambia mengine yote." Na akacheka, bwana! Akakaa chini kwa tairi moja kuukuu iliyokuwa hapo kando, kanzu na yote, akacheka mpaka akafuta macho. "Mimi nilikuwa nawaza nikupeleke hospitali."

"Hata mimi nawaza hivyo hivyo! Unipeleke! Lakini na gari yangu."

Akanirudishia funguo kwa mikono miwili. Tukafungua boneti. Betri ilikuwa imeota unga nyeupe na kijani pale waya zinashikana, kama mkate imekaa siku nyingi. Hiyo naijua, mzee wangu alikuwa ananiita nishike tochi akiitoa. Stima haiwezi kupita kwa hiyo takataka, na betri haijazwi hata ukiendesha siku nzima. Dawa yake ni maji moto. Nikakimbia nikachukua termosi, nikaanza kufungua.

"Mama, mama, hiyo ni rangi ya kahawia!"

Woi, ni uji! Karibu ninyweshe betri wimbi na maziwa! Furaha ilikuwa imenifunga macho. Nikabadilisha termosi. Tukamwaga maji moto polepole, ule unga ukafanya povu, ukayeyuka ukaenda. Yeye akatafuta spana kwa gari yake, akakaza waya, maana moja ilikuwa inacheza kabisa. Halafu akaleta waya za kubusti, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi akashika kwa chuma ya injini, akawasha yake.

"Haya, mtoto mchanga," akaniambia, "jaribu."

Nikageuza funguo. *Vruum!* Wale vijana wa kuosha magari wakapiga mbinja, msichana wa pampu akapiga vigelegele, na mimi nikapiga honi ndefu.

"Usizime," akasema. "Betri haijashiba. Ukizima tutarudia haya haya. Nakufuata nyuma."

Westlands kulikuwa na foleni, unaijua ile. Nikazima redio, nikazima kila kitu cha kula stima, nikabaki nimeshika usukani kama kifuniko ya sufuria. Gari ikitetemeka, naiambia vumilia. Nilipofika mlango ya hospitali, askari akakuja na mkono juu.

"Shosho, egesha pale, zima gari, uingie."

"Siwezi kuzima!"

"Basi huwezi kuiacha hapa ikinguruma bila dereva."

Nikaangalia mbele, na teksi inatoka, tupu. Nikajua mama wa Kinoo amefika. Amenitangulia. Hapo ndipo yule baba akatokea dirishani, ameegesha yake nje.

"Toka, mama. Mimi nitalikalia likiwaka. Nenda."

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu na miguu yangu! Kitambaa ikaanguka, nikaiacha. Nikageuka kona ya mwisho ya baraza, na nikawaona. Mke wa kijana yangu amekaa kwa kiti ya magurudumu, na mama yake amesimama karibu na mlango ya kutoka, amembeba mtoto. Amenibeba! Viatu vyake viko hapo hapo kwa kizingiti.

Nikasimama.

"Ulikuwa wapi?" akanifokea. "Nimesimama hapa kama mlingoti. Manesi wananiambia toka, mama, unaziba njia, na mimi nawaambia sivuki huu mlango, mwenyewe anakuja. Mikono imekufa ganzi. Jichukue!"

"Si ulisema utanitoa wewe?"

"Nilikuwa nakutania, dada! Ningekutoa wewe, nikae na mdomo yako mpaka tufe?"

Basi nikajichukua. Nilikuwa mwepesi, na moto, na nimefungwa kama sambusa. Nikavuka kizingiti. Nje kulikuwa na jua, mtoto akakunja uso yote, akapiga chafya. Nikamwambia hii ndiyo Nairobi, mama, karibu, vumbi ni ya kwetu wote. Mwenzangu alikuwa nyuma amebeba mifuko na anajifanya anapangusa jasho, lakini nilimwona.

Yule baba akatoka kwa kiti akafungua milango yote. Akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi. "Mashallah. Mnafanana," akasema, akaenda zake kabla sijamshukuru vizuri.

Kurudi niliendesha kwa leni ya pole, kushoto kabisa, na mtoto nyuma katikati ya hao wawili. Kila gari ilitupita ikipiga honi.

"Dada," akasema mwenzangu, "mwenye mkokoteni wa mitungi ametupita."

"Mwache apite."

"Na amebeba ya maji, si tupu."

"Mwache!" nikasema. "Mimi nimezaliwa jana. Nani amewahi kuona mtoto wa siku moja akikimbiza gari?"