Baiskeli ya Kumbeba Mama

Mwaka ule kidonda cha mama kilikataa kupona. Kilikuwa juu ya kifundo cha mguu, na daktari wa zahanati alisema kisafishwe mara mbili kwa wiki. Kutoka kwetu hadi zahanati ya Matiliku ni mwendo wa saa mbili, na mama hakuweza kutembea hata hadi kisimani. Ndugu yangu alikuwa kazini Mombasa. Tulikuwa wawili tu nyumbani.

Tulipouza pamba, mama alitaka tununue mabati. Nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, mabati yatangoja. Nataka baiskeli."

Kuendesha nilijifunza utotoni kwa baiskeli ya ndugu yangu, nikipitisha mguu chini ya kile chuma cha juu kwa sababu sikufikia kiti. Kwa hiyo niliingia dukani bila woga. Mwenye duka, mzee mnene mwenye heshima zake, alinitolea baiskeli ya kike: nyekundu, nyepesi, ina kikapu mbele.

"Hii ndiyo yako, dada. Unapanda na gauni lako vizuri."

Nikashika keria ya nyuma. Ilicheza mkononi. "Hii inabeba nini?"

"Mkate. Sukari. Biblia siku ya Jumapili."

"Mimi nabeba mama yangu."

Akanionyesha nyingine, ya mbio, tairi zake nyembamba kama kidole. Nikamuuliza itapitaje mchanga wa mto wetu mkavu. Akairudisha mahali pake. Pale pembeni palisimama moja nyeusi, nzito, tairi pana, keria ya chuma kinene. Akasema hiyo ni ya wanaume wa kubeba magunia.

"Basi kaa juu yake," nikamwambia.

"Nani?"

"Wewe, mzee. Mama si mzito kukushinda. Ukikaa na nikaweza kukusukuma, naichukua."

Wateja walicheka. Yeye alinitazama, akaona sitanii, akavua kofia na kukaa. Nilimsukuma kutoka mlangoni hadi kwa fundi wa viatu na kurudi. Keria haikulia hata kidogo.

Jumanne ya kwanza nilivaa suruali ya ndugu yangu chini ya gauni. Jirani mmoja wa kanisani alisimama njiani, akasema binti wa Mkristo hapandi hivyo. Kabla sijafungua mdomo, mama akamjibu kutoka nyuma, "Basi nibebe wewe." Jirani akatupisha.

Mtoni tulianguka. Mchanga ulivuta gurudumu la mbele, tukalala chali wote wawili. Nilitaka kulia, lakini mama alikuwa ameinua mguu wake juu ili kidonda kisiguse chini, na alikuwa anacheka. Tangu siku hiyo mtoni nilikuwa nashuka na kusukuma, yeye akiwa amekaa. Mlimani vilevile. Mapaja yaliniwaka moto, viganja vikaota sugu, na hatukukosa zahanati hata siku moja, mvua ikinyesha au jua likiwaka.

Kidonda kilifunga kunde zikiwa bado shambani. Jumapili iliyofuata mama alivaa viatu, akasema atatembea mwenyewe hadi kanisani. Nilimfuata polepole nikikokota baiskeli, nikingoja achoke. Hakuchoka.