Povu kwenye Mpira wa Jiko

Fundi wa gesi wa mtaa wetu hatembei bila kipande cha sabuni mfukoni. Akiingia kwa mtu, kabla ya kusalimia hupaka povu kwenye mpira wa jiko, kisha huchuchumaa akilitazama kama mtu aliye mbele ya altare. Hata msibani kwa Mama Constance, aliyemzika mumewe jana, alianzia jikoni.

"Baba, wacha bapike, tuko na njaa!" mwombolezaji mmoja akamlalamikia fundi.

"Bangoje. Gazi iko natoka!"

Kweli, povu likavimba, likapasuka. Katekista aliyeongoza sala akakatiza Salamu Maria, akauzima mshumaa wa marehemu. Fundi akakaza nati, akapaka tena; povu likatulia.

"Sasa pole, mama," akasema, akimnyooshea mkono wenye sabuni. Constance akaushika, akacheka sana. Alipojifuta machozi, sabuni ikamwingia machoni, akalia upya.