Siku Niliyompakia Milembe Kwenye Toroli

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, kwenye uwanja wa jirani na stesheni ya treni hapa Mpanda, siku ambayo kundi langu la ngoma lilishinda. Tangu siku hiyo sijagusa ngoma. Umekuja kuniomba nikawapigie kwenye darasa lenu, lile mnamofundisha watu wote kucheza pamoja, mwenye miguu na asiye na miguu. Kaa kwanza. Kunywa uji ungali wa moto, maana nikianza kusimulia hili siwezi kuliacha katikati.

Miaka ya tisini nami nilikuwa na darasa kama lenu. Sisi Wasukuma tulihamia huku na ng'ombe wetu, na ngoma zetu tukaja nazo. Kila Jumamosi jioni vijana walikutana nyuma ya ghala la tumbaku, nami nikawapigia. Usinione mwema, sikuwa na nia ya kumsaidia mtu. Nilitaka kundi kubwa tu.

Basi akaja Milembe, binti wa rika langu. Polio ilimlemaza miguu utotoni, akawa anatembea kwa mikono, viganja amevivisha katambuga, zile ndala za tairi. Jumamosi mbili alikaa pembeni akitazama. Ya tatu akaniambia mdundo wangu una haraka kuliko wimbo. Nilikasirika, nikaupunguza makusudi ili aumbuke mbele za watu. Akaingia katikati, njuga kazifunga mikononi, akacheza kwa mabega na kiuno mpaka wenye miguu yao wakasimama kujifunza kwake.

Baada yake akaja Shija, ambaye haoni, akawa anashika hatua kwa kugusana bega na mwenzake. Kisha akaja binti mmoja asiyesikia, yeye alivua viatu ili mdundo umpande kwenye nyayo. Hao wote aliwafundisha Milembe. Mimi nilipiga ngoma tu, ila sifa nilizibeba mimi. Jioni moja tukikusanya vyombo Milembe aliniambia kwamba mjini anakodolewa macho tangu asubuhi, na kwamba nyuma ya lile ghala ndipo mahali pekee anaposahau. Nikaitikia, lakini sikulitia maanani.

Nyie wa siku hizi huenda hamjui mashindano yetu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake, na watu wanahama kwenda wanakovutiwa. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mwaka ule wapinzani wetu walishuka na treni kutoka upande wa Tabora, na sanduku la mbao ambalo hawakutaka mtu aliguse.

Tulianza vizuri. Milembe alikuwa kwenye mstari, wa pili kutoka kulia, kama tulivyopanga. Kisha wale wenzetu wakafungua sanduku, na kiongozi wao akajivika chatu shingoni. Watu wakatuhama, mama yangu mzazi akiwa mmojawao. Nilichanganyikiwa, mwanangu. Nilikuwa nimetamba mji mzima kwamba hatushindwi.

Kando ya uwanja palikuwa na toroli la kubebea matofali. Niliacha ngoma, nikamnyanyua Milembe kutoka kwenye mstari bila kumuuliza, nikamweka humo, nikalisukuma hadi katikati ya duara. Nikapaza sauti kuwaita watu waje wamwone mwanamke anayecheza bila miguu. Wapiga ngoma wenzangu nikawaamuru waongeze kasi, kasi ileile aliyoikataa siku ya kwanza. Watu wakarudi mbio. Wakacheka, na mmoja akamrushia karanga.

Milembe hakucheza. Alishikilia kingo za toroli kwa mikono yote miwili asianguke, na kwa jinsi nilivyokuwa nalikimbiza, njuga zikawa zinalia zenyewe. Watu wakadhani anacheza.

Tulishinda, tukapewa dume la ng'ombe. Nyama ilipoiva nilimpelekea sahani yenye mnofu mzuri. Alikuwa amezivua njuga na kuzitundika kwenye mpini wa toroli. Aliniangalia, akasema taratibu, "Wenzako walileta chatu. Wewe ukanileta mimi."

Nikamwambia, "Lakini tumeshinda."

Ndilo jibu nililompa. Mpaka leo nikilikumbuka najiona takataka.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Shija alikuja, akauliza yaliyotokea, kwa kuwa siku ile alisikia vicheko tu, akasimuliwa. Akabana fimbo yake kwapani. "Mimi sioni," akasema. "Nitajuaje kama na mimi nimeshapakiwa kwenye toroli?" Naye akaondoka. Yule binti asiyesikia hakurudi. Tukabaki wenye miguu, tukacheza wiki mbili tatu bila raha, ngoma wakipiga wenzangu, tukatawanyika.

Sokoni watoto walimwita Milembe "Wa Toroli", na jina likamganda. Akaacha kwenda sokoni, akaacha kwenda kanisani, mwisho akahamia kwa kaka yake mfuga nyuki, kule Ugalla. Nilimfuata kwa baiskeli. Alinikaribisha, akanipa maji na asali, akasema amenisamehe. Nikamwomba arudi. Akasema hachezi tena, hata peke yake chumbani, na nisimwombe tena. Nami sikurudia.

Masika moja homa ikamchukua. Habari zilinifikia akiwa ameshazikwa. Nilipokwenda kutoa pole nilimwambia wifi yake kwamba marehemu alikuwa mchezaji kuliko wote niliowaona. Alinishangaa, akaniuliza, "Milembe? Kucheza?" Miaka yote ile waliishi nyumba moja, na hakujua. Nililia njia nzima hadi Mpanda, na kulia hakukunisaidia kitu.

Kwa hiyo sitakuja kuwapigia ngoma, mwanangu, usiniombe tena. Chukua haya badala yake. Kabla hujamwita mtazamaji hata mmoja, muulize anayecheza, na akikataa usimbembeleze. Watu wakikuhama, waache waende, chezeni uwanja ukiwa mtupu. Wala usimtoe mtu kwenye mstari wake ili wewe upate ushindi. Msamaha nilipewa, na bado haukumrudishia Milembe alichopoteza, kwa hiyo usitegemee kwamba utakosea halafu utatengeneza.

Haya, nenda, wasije wakakusubiri. Mungu awalinde wote walio darasani kwako, kila mmoja kwa jina alilopewa na mama yake. Na wewe akupe usikivu, siku mtu atakapokaa pembeni na kukuambia mdundo wako una haraka.