Mazishi Kwenye Shuka

Harufu ya petroli ya jenereta, hapa Mbarara, hunirudisha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kanisani kwetu, madirisha yamezibwa kwa turubai, tukitazama filamu ya vita vya Kongo kwenye shuka jeupe. Ilipofika sehemu ya mazishi, sauti ya filamu ikakatika. Kwenye shuka, watu wakashusha majeneza kimya.

Mama yangu akakaza kitenge, akasimama, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo:

"Hatuzikaka batu bila wimbo."

Akaanzisha wimbo wa kuaga, na kanisa zima likaitikia. Picha zikaenda mbele, kwa askari. Kijana aliyeleta filamu akaisimamisha, akasema sasa tujadili.

"Tujadili nini?" mama akamwambia taratibu. "Rudisha nyuma, mutoto yangu. Wimbo haijaisha."

Akarudisha. Safari hii tukawazika vizuri.