Nuriya Asiyejua Jenereta

Imetangazwa rasmi, na tangazo limebandikwa hata kwenye mlango wa choo cha soko la Garsen, kwamba katika kipindi hiki kigumu cha uchumi serikali itawashika mkono mafundi wanaochukua wanagenzi, ili karakana yoyote isifungwe na ujuzi wowote usikae bure. Posho ya mwanagenzi italipwa na serikali. Sharti ni moja tu: mwanagenzi awe mgeni kabisa wa kazi hiyo.

Nuriya binti Athmani, wa Kipini, alikuwa na mwaka na miezi miwili akifungua pampu za maji kwa fundi Komora bila malipo, ila chakula cha mchana. Kwa hiyo alikuwa na kosa. Wakulima nao walipoanza kuzungusha pampu moja mashamba matano, nyingine wakiziacha zife, chakula hicho kikaanza kupungua.

"Orodha ya wanagenzi isipotoka kufikia Ijumaa, mimi nafunga," Komora alimwambia. "Mto umeshuka. Shamba langu la Golbanti lina tope zuri la kupanda, na tope halingoji mtu. Nenda ukawe mjinga, mwanangu. Ukijibu swali hata moja, tumekwisha."

Nuriya akasugua vidole kwa ndimu na jivu. Grisi ya kwenye kucha ikakataa. Akapaka hina juu yake.

Alhamisi, kwenye ukumbi wa usaili mjini Garsen, walikuwa waombaji arobaini. Afisa wa usaili, mama wa miwani, aliitazama mikono ile kwa muda ambao Nuriya aliuona mrefu kuliko mwaka na miezi miwili.

"Arusi ya nani?"

"Ya binamu, madam."

"Umewahi kushika spana?"

"Spana ndiyo nini?"

Afisa akatabasamu, akaanza kuliandika jina lake kwenye kompyuta. Alipofika herufi ya tatu, jenereta iliyokuwa nje ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Kompyuta ikazimika nayo. Stima ya Garsen ilikuwa imepotea tangu Jumatatu.

Mzee Harrison, mlinzi wa ukumbi, akavuta kamba. Ikakohoa mara tatu. Akavuta tena. Nuriya aliikalia mikono yake. Kikohozi kile alikijua kama cha nyanyake: maji yameingia kwenye petroli. Mtoni dumu la petroli ndilo hilo hilo la kuchotea maji.

"Maji hayo," alinong'ona mwombaji wa nyuma yake, Caleb wa Tarasaa. "Ifunguliwe nati ya chini ya kabureta, yamwagike."

"Nyamaza! Kwani wewe fundi?"

"Nani, mimi? Tangu asubuhi sijui hata baiskeli, dadangu."

Afisa akasimama. "Kwani hapa hakuna hata mmoja anayejua jenereta?"

Watu arobaini wakatazama sakafu. Nuriya akaiwaza Ijumaa, akafungua mdomo. Akalikumbuka sharti, akaufunga.

"Pole, Mzee," sauti moja ikasema. "Jaribu tena."

Mzee Harrison alijaribu mpaka bega likakataa. Usaili ukaahirishwa hadi fundi apatikane.

Fundi alikuja kutoka Malindi Jumanne iliyofuata. Alifungua nati ya chini, yakamwagika maji ya kujaza kikombe cha kahawa, akavuta kamba mara moja, jenereta ikawaka. Siku hiyo kufuli la karakana ya Komora lilikuwa na siku nne mlangoni.