Daktari wa Visigino wa Muyinga

Sokoni Muyinga hakuna aliyemwita Bashizi mchuuzi mara mbili. Mara ya kwanza angekusamehe; ya pili angekupa somo. Yeye ni daktari wa visigino, na dawa yake ni moja tu: jiwe jeusi la volkano, jepesi, lenye matundu, la kusugulia miguu, ambalo shemeji yake humletea kutoka Goma.

Somo lenyewe kila muuza nyanya amelikariri.

"Chini kabisa, jiwe inayeyuka," husema, kidole kikielekea ardhini. "Siyo kila mahali, hapana! Ni pale iko moto mukali na muzigo ya juu inapungua, ao maji inaingia ndani. Ile uji ya mawe ndiyo magma. Ikitoka inje mbio, inapoa mbio, gaz inaacha matundu. Lakini ikibakia chini inapoa polepole, miaka elfu na elfu, inazaa chembe kubwa za kumetameta. Ile ni graniti. Graniti ni ya kujenga choo."

Ajabu ni kwamba haya yote ni kweli. Aliyasikia kwa mwalimu mmoja Bukavu; choo akakiongeza mwenyewe.

Mteja wake mkubwa ni Mama Pili, anayewasinga maharusi wa Kiislamu wa mji mzima. Mama Pili hasugui mguu wa mwali bila jiwe la Bashizi. Akilisifu, mtaa mzima unanunua. Akilikataa, Bashizi afunge virago.

Mwaka huu njia ya Goma ikafungwa, na harusi ya Raissa, mpwa wa Mama Pili, ikabaki siku sita. Mwenye akili angesema: mama, mawe yamekwisha. Lakini daktari gani hukiri kwamba dawa imekwisha? Bashizi akapanda gari hadi Gitega, akaenda Nyarusange kwa Kastori, mponda kokoto.

"Nipe vipande ya kuenea mukononi, kumi na mbili."

"Hii ni graniti, patron. Ya nini?"

"Ya sayansi."

Siku tatu alijifungia nyumbani na nyundo. Jiwe lililojikaza kwa maelfu ya miaka halikuona sababu ya kumtii Bashizi: misumari ishirini ikapinda, yakapatikana matundu tisa, mafupi. Basi akayapaka mawe yote masizi na mafuta ya mawese, akampelekea Mama Pili. Mtu asiyejua akidanganya namcheka. Huyu alijua vizuri kabisa, na ndiyo maana ananiudhi.

Siku ya kusingwa mwali akaitwa mlangoni kwa Mama Pili. Ndani Raissa alikuwa akilia.

"Miguu ya mutoto ilikuwa nyeusi mpaka kwa magoti," Mama Pili alisema. "Na ngozi imechunika."

"Mama, ile ni lava ya chini zaidi..."

"Nyamaza."

Akalitia jiwe kwenye beseni, akalipiga sabuni. Masizi yakatoka, chembe nyeupe zikameta juani. Wanawake waliojazana uani wakaitikia kwa sauti moja: "Graniti!"

"Ya choo!" akaongeza mmoja, na kicheko kikavuka ukuta.

Bashizi aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka. "Mama, nisamehe."

"Vua viatu."

Hakuna Muyinga nzima aliyewahi kumwona Bashizi amevaa ndala. Akavua, polepole. Visigino vyake vilikuwa na nyufa za kuingiza sarafu.

Mama Pili alivitazama kwa muda, akasahau kufoka. Kisha akaingia ndani, akarudi na kipande cha zamani cha Goma, kimelika hadi kubaki kama yai.

"Hii ndiyo imemutoa Raissa ile weusi. Kwako sitanunua tena, na sokoni nitasema. Lakini shika. Kaa pale, anza."

Bashizi akaketi kizingitini. Akalipokea jiwe, akaligeuza huku na huku mbele ya wanawake wote. Alikuwa ameuza mawe kama hilo miaka kumi na moja, na ikabidi aulize upande gani ndio wa kusugulia.